Mwaka Tuliotaka Kuwasha Nyumba Nzima

Matanga ya mume wangu yalipokwisha, watoto walibaki nami Makomeno siku chache ili kunisaidia kupanga vitu vyake, na jambo la kwanza walilobishania halikuwa nguo wala kiwanja. Lilikuwa jenereta. Umeme ulikuwa umekatika tena, kama kawaida ya siku hizi, nasi tulikuwa tumekaa sebuleni na mishumaa iliyogandishwa juu ya visahani vya chai. Mkubwa alisema mama hawezi kuachwa gizani, inunuliwe mashine ya kuwasha nyumba nzima, frigo, pampu ya maji na kila chumba. Dada yake akamjibu kwamba mama analala chumba kimoja, na mashine ya namna hiyo itakula kuliko mama mwenyewe. Walibishana kwa sauti ya chini, sauti ya watu waliofiwa, kisha wakanigeukia: "Mama, weye unasema nini?" Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa upindo wa kitenge, nao wakatazamana wakidhani huzuni imenizidi kichwa. Ningewaelezaje? Mabishano yale niliwahi kuyasikia kabla yeyote kati yao hajazaliwa, mji huu ungali unaitwa Elisabethville, na aliyetaka nyumba nzima iwake alikuwa baba yao.

Mwaka ule tulikuwa tukikaa Katuba, katika nyumba mpya ya matofali yenye vyumba vinne na paa la bati ambalo wakati wa mvua lilitulazimisha kuongea kwa mikono. Mume wangu, Silveri, alikuwa karani katika duka kubwa la Wazungu mjini. Alikuwa na kalamu mfukoni, viatu vya kung'aa, na tabia ya kulikunja gazeti vizuri baada ya kulisoma, kana kwamba ataliuza tena. Pamoja nasi alikaa shangazi yake aliyemlea, ambaye sote tulimwita Mama Shangazi, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi uliokata pande zote mbili. Nilimpenda na nilimwogopa, na mpaka leo sijui ni lipi lililotangulia. Sebule ilikuwa na meza yenye kitambaa nilichokidarizi mwenyewe kwa masista, viti vinne ambavyo havikufanana, na kabati la vioo ambamo uma na visu vilipangwa bila kutumiwa, maana bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo hatukuwahi kuvila kwa uma hata siku moja. Waya za umeme zilikuwa zimeishia barabara kubwa, zikakataa kuvuka mpaka kwetu. Tuliwasha taa za petroli, yaani mafuta ya taa, moja sebuleni na nyingine ndogo ya kubeba mkononi, na kuta zilikuwa nyembamba hata ungeweza kumsikia Mama Shangazi akifungua rozari yake chumba cha pili.

Silveri alikuwa akiitafuta ile kadi. Vijana wa leo hawaijui, na heri yao. Serikali ya Wabelgiji ilimpa kadi mtu mweusi iliyemwona ameanza kuishi kama Mzungu, na ili kujua hilo ilituma tume nyumbani kwake. Waliingia mpaka chumbani, wakatazama mashuka, wakafungua kabati, wakauliza mke anakula wapi na watoto wanalala wapi. Ukipata kadi, milango fulani ilifunguka, na polisi wa usiku hakukuuliza unatoka wapi. Silveri aliitaka kama mtu wa homa anavyotaka maji. Kulikuwa na karani mwenzake wa mtaa wa Albert aliyekwisha kuipata, na Silveri, badala ya kumuuliza alivyofanya, alikwenda kumtembelea akaitazama nyumba yake kwa jicho la mpelelezi. Alirudi na jibu lake limeiva. Uma tunao sote, alisema, na mashuka tunayo, lakini mwenzake ana taa ya umeme katika kila chumba. Basi ikawa imekwisha. Kuanzia siku ile mume wangu hakuongea tena juu ya kitu kingine, hata Jumapili tukitoka misa alikuwa akitembea huku akitazama nguzo za umeme.

Ndipo akatokea yule Mgiriki. Alikuwa na biashara ya samaki kutoka Kasenga, na sasa alikuwa akifunga nyumba yake arudi kwao. Alikuwa na jenereta, groupe kama tulivyosema, iliyokuwa ikiendesha chumba chake cha baridi, na alitaka kuiuza kwa bei ambayo Silveri aliiita zawadi. Kweli ilikuwa nafuu kwa mashine ya namna ile. Lakini hata bei ya nafuu ilitaka akiba yetu yote iliyokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na akiba ile ilikuwa na kazi yake tayari. Ilikuwa ya kumleta mama yangu kutoka Mitwaba, na kumtunza kwetu miezi yote ambayo ningemhitaji, kwa kuwa nilikuwa na mimba, na mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia.

Lazima niseme hapa kwa nini nilimtaka mama, maana binti zangu waliojifungulia hospitali, kila mmoja na simu yake mkononi, wangeona ni deko tu la mke kijana. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa mkononi mwa mama wa mwanamke. Na kulikuwa na sababu isiyosemwa mbele ya wanaume. Uchungu ukikwama, mtoto akikataa kutoka, wanawake wa upande wa mume hukuuliza: taja majina. Maana yake, taja mwanamume mwingine uliyelala naye, kwa kuwa mtoto hufungwa na uongo wa mama yake. Nilimwona mke mmoja wa jirani akitaja jina la mtu ambaye nina hakika hakumjua hata kwa sura, ili tu waache kumuuliza. Alirudishwa kwao na kichanga mgongoni. Maternité ya masista, hospitali yao ya uzazi, ilikuwapo, lakini uchungu huanzia nyumbani, na nyumbani mwangu hapakuwa na mtu wa upande wangu hata mmoja. Niliogopa. Silveri hakujua, kwa sababu sikumwambia, na sikumwambia kwa sababu aliniahidi mwenyewe kwamba mama atakuja, nami nilidhani ahadi ya karani ni kama sahihi yake.

Jumapili moja alimwalika Tshibangu, fundi wa karakana ya reli, Mkasai aliyekaa nyumba ya pili, ili atoe shauri lake. Nilipika samaki mbichi kwa nyanya na bukari nyeupe, na Tshibangu alikula kwanza akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimu chakula. Kisha akanawa mikono. "Niliiona ile mashini," alisema. "Moteur iko nguvu, haina shida. Lakini, Silveri, ile ilitengenezwa kwa kazi ya frigo ya samaki. Kuitia mu nyumba ya byumba ine, ni kama kubeba nyanya moja na kamyo ya mizigo."

"Sikukuulizaka nyanya," Silveri akamjibu, akiiwaza tume. "Nilikuulizaka moteur. Ba commission bakiingia hapa, bakute nyumba yote inawaka, salon, chambre, mupaka jikoni. Habatauliza kintu ingine."

Mama Shangazi alikuwa akichokoa meno. "Na kisha commission kwenda, mazutu ya mashini tutaendelea kuinunua? Hii kintu itakuwa inakula mbele ya bantu ba nyumba."

"Tutawasha saa ya mangaribi tu."

"Na bintu bingine byote tutafanya na giza," alisema Mama Shangazi, na Tshibangu akacheka mpaka akakohoa. Silveri hakucheka. Mimi nilikusanya sahani nikaenda jikoni, na kupitia ukuta nikasikia sauti ya Mama Shangazi imebadilika, haina mzaha tena. "Na mama ya muke yako? Ulimuahidi."

"Atakuya mwaka ingine. Mama, weye njo uko. Weye njo mama yake hapa."

"Mi niko wa kwako, Silveri," Mama Shangazi alisema. "Siko wa kwake."

Nimeishi na maneno yale maisha yangu yote, na nikiyageuza leo siyaoni kuwa mabaya. Alikuwa akinitetea kwa kusema ukweli. Lakini siku ile, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya vyombo, niliyasikia kama mlango unaofungwa, na kuanzia jioni ile nikawa nalia. Sikulia kwa sauti. Nililia tu kila giza lilipoingia, nikiwa nimegeukia ukuta, na taa ndogo ya petroli ilikuwa rafiki yangu, kwa kuwa haikuonyesha chochote zaidi ya kidole chako mwenyewe.

Mgiriki alikubali tuijaribu mashine siku chache kabla ya kulipa. Ililetwa kwa mkokoteni, wanaume wanne wakiisukuma, na mtaa mzima ukajua kabla haijafika kwa sababu ilinuka samaki. Tshibangu alivuta waya juu ya dari, chumba kwa chumba, akining'iniza balbu uchi. Jua lilipozama akazungusha mkono wa chuma, mashine ikakohoa, ikatetemeka, na nyumba ikawaka yote kwa mara moja. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Majirani walioingia uani walisema "eeee" kwa pamoja kama kanisani, na Silveri alisimama mlangoni na suti yake, mikono nyuma, na nikampenda pale pale pamoja na kichaa chake. Kisha tukaanza kuishi na kitu chenyewe. Mama Shangazi aliona utando wa buibui ambao alikuwa ameketi chini yake tangu tuhamie, akapanda kiti akafagia chakula kikiwa mezani. Bukari ilipata ladha ya mazutu. Mlio ulikuwa mkubwa hata kusali mezani tulisali kwa kupiga kelele, na majirani, wakiwa wamepata mwanga wa bure, walihamishia uani petu viti vyao, karata zao na ugomvi wao. Silveri alisema mtu huzoea. Alisema hivyo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hatukumsikia.

Jioni iliyofuata niliingia chumbani kukunja nguo, na nikasahau. Ndiyo, nilisahau kwamba balbu iko juu yangu. Machozi yalikuja kwa saa yake, kama yalivyozoea, na nilipogeuka Silveri alikuwa mlangoni ananitazama. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

"Vero, macho yako iko na nini?" alipaza sauti kushinda mashine.

"Moshi ya mazutu."

"Moshi iko inje." Alinisogelea, akanishika kidevu, akanigeuza kuelekea balbu kama mtu anayekagua noti. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekonda, najua, mifupa ya shingo ilikuwa imetoka. "Unalia tangu wakati gani?"

"Tangu ulisema mama atakuya mwaka ingine," nilimjibu kwa sauti ya juu, maana sauti nyingine haikufaa, na uani wacheza karata wakanyamaza wote. "Mwaka ingine mutoto atakuwa amezaliwa, ao mi nitakuwa nimekufa. Na kama nikikwama, bataniuliza majina, Silveri, na hakuna muntu atasema huyu ni mutoto wangu, mumuache."

Alitoka. Nilisikia mashine ikikohoa, kisha ukimya ukaanguka juu ya Katuba yote, na majirani wakaguna gizani, wakaanza kubeba viti vyao. Alirudi na taa ya petroli. Aliketi kitandani na suti yake mpya, viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mbona haukuniambia?"

"Ungeona."

"Nilikuwa naangalia plafond," alisema, akionyesha dari.

Watu huniuliza kwa nini nilivumilia miaka mingi na mtu mkaidi vile, na huwa sijui nianzie wapi. Labda ningeanzia pale. Asubuhi Silveri aliomba mkokoteni, akairudisha mashine kwa Mgiriki yeye mwenyewe, akiwa amevaa shati la kazini, akipita mbele ya kila mtu aliyekuwa amesema "eeee". Walimcheka, na alijua watamcheka. Alipofika kazini alimpa dereva mmoja wa malori nauli na ujumbe wa Mitwaba.

Mama alifika na unga wa muhogo, kuku wawili waliofungwa miguu, na buko. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani, hawatajani majina. Heshima hiyo ndiyo tunayoiita buko, na katika kijiji kikubwa ni rahisi. Katika vyumba vinne vya Katuba ilikuwa mchezo wa kujificha usiokwisha. Silveri alikohoa kabla ya kuvuka korido, na mama akajifunika kitenge usoni akageukia ukuta. Mmoja akiwa sebuleni, mwingine alikuwa jikoni. Mama akitaka kumwambia jambo alimwambia Mama Shangazi, naye Silveri, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alisubiri kwa adabu mpaka aambiwe tena. Mimi nilinenepa. Nilikula kwa uma na kwa mkono na kwa kijiko, na nikaanza tena kulala chali bila kuogopa.

Tume ilikuja saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali, madirisha yote wazi, na hata kama tungekuwa na taa mia hakuna ambaye angejua. Tulikuwa tumebishana miezi juu ya mwanga, na hakuna aliyewaza kwamba Wazungu wa ofisi hufanya kazi mchana. Walitazama uma, wakatazama mashuka. Kisha yule Madamu aliyekuwa nao akamwona mama yangu ameketi jikoni chini, uso umegeukia ukuta, akauliza ni nani, na kwa nini hakai na watu. Akamvuta kwa upole, akamkalisha mezani, akamwambia Silveri aketi naye, kama familia. Mama alivuta kitenge mpaka kidevuni. Silveri alishika kiti, akakivuta nusu. Kisha akakirudisha mahali pake akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba atasimama nje, kama Madamu atamruhusu. Akatoka juani. Madamu akaandika kitu.

Jibu lilipokuja lilikuwa hapana. Silveri alilisoma akiwa amesimama, akalikunja vizuri kama gazeti. Jioni ile hakula. Mama Shangazi aliweka sahani mbele yake, akaiondoa, akasema kwa kuguna, "Pengine tungekuwa na taa."

"Mama, balikuya na jua," Silveri alisema, akaanza kucheka, akatuambukiza sote, mpaka jikoni nikasikia mama yangu naye anachekea ndani ya kitenge. Lakini niliiona huzuni yake ikikaa naye wiki nyingi, na sitaipunguza hapa ili hadithi ipendeze. Kile kilichomgharimu kilimgharimu.

Uchungu ulinishika asubuhi moja wakiwa bado wanakunywa chai. Tshibangu alikimbia kutafuta gari la maternité, na gari halikuja. Mchana ulifika. Nililala juu ya mkeka chumbani, mama nyuma yangu akinishika mabega, na mtoto akakwama. Nilimwona Mama Shangazi akinawa mikono polepole, akiifuta, akija kupiga magoti mbele yangu, na nilijua analokuja kusema. Hakulisema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa na machozi. "Mutoto wangu," alisema, "kama iko jina, taja. Mutoto apite."

"Haiko jina," nikasema.

"Taja tu. Hatutakuchukia."

Mama aliniachilia mabega. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye mlango uliokuwa umeegeshwa, ambao nyuma yake Silveri alikuwa ameketi sakafuni tangu asubuhi, na bila kukohoa, bila kupitia kwa mtu, akasema naye kupitia ubao ule. "Weye njo bwana yake. Uko na mashaka juu ya mutoto wangu?"

Kumjibu ilikuwa kuvunja buko.

"Hapana, mama," sauti ya Silveri ikasema. "Hata kidogo."

Mama Shangazi aliketi juu ya visigino vyake, akashusha pumzi. "Basi," alisema, "amesema mwenyewe." Akakunja mikono ya blauzi yake, akanishika magoti, na akawa wa kwangu. Sikumbuki mengi baada ya hapo ila mikono minne na sauti mbili zilizosema neno lile lile. Gari la maternité lilipopiga honi uani, mtoto alikuwa amekwisha kulia.

Kwa desturi mama angempa Mama Shangazi kichanga, naye angekipeleka kwa baba. Mama alimfunga mtoto katika kitenge chake mwenyewe, kile cha kujifunika uso, hivyo uso wa mama mwenyewe ukabaki wazi. Akaufungua mlango. Silveri alijaribu kutazama chini, lakini mama alisimama mbele yake akingoja, mpaka akainua macho.

"Silveri," mama yangu akasema, "pokea mutoto yako."